Kufuli Tatu kwa Sanduku, Simu Iko Wazi

Mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Kisumu na ufuo wa ziwa



Tumeombwa tuzungumze juu ya namba za siri na maneno ya siri, yale ya simu na yale ya kompyuta. Kabla ya kuingia humu ndani mzee mmoja alituambia kwamba mambo haya ni ya watu wa ofisi huko mjini, kwa sababu kikundi chao hakina kompyuta. Basi tuulize kwanza: nani hapa hana M-Pesa? Tazameni wenyewe, hakuna mkono hata mmoja. M-Pesa ilianza Machi 2007, na polepole kila mmoja wetu amekuja kutembea na kompyuta ndogo mfukoni au kwenye fundo la leso, hata ikiwa ni kabambe ya kubonyeza tu. Ndani yake mna pesa, na mlango wa pesa hizo ni tarakimu nne.

Lakini tuanze na jambo mnalolijua kuliko sisi, nalo ni sanduku.

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vinatumia lile sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Mpango huo haukuzaliwa hapa. Ulianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilipokuwa likifanya kazi na wanawake wa vijijini, halafu ukaenea hadi ukafika kwetu. Sanduku linalala kwa mtu mmoja. Funguo zinalala kwa watu wengine watatu, na hao si mwenyekiti, si katibu, wala si mweka hazina. Siku ya mkutano ni lazima wote wanne wafike ndipo lifunguke, na pesa huhesabiwa mbele ya macho ya kila mtu. Tuliwahi kuwauliza akina mama wa kikundi kimoja: je, mmeweka kufuli tatu kwa sababu hamwaminiani? Mama mmoja alicheka. Akasema hapana, wanaaminiana, na kufuli ni za kuwasaidia waendelee kuaminiana.

Tafadhali shikeni jibu hilo, maana tutalirudia.

Namba moja, watu saba

Sasa tuwasimulie habari ya kikundi kingine, cha wauza omena, kwenye ufuo ambao hatutautaja jina. Kikundi hiki kilikuwa na sanduku lake kwa miaka mingi na hakikuwahi kupoteza hata shilingi. Mwaka 2020 korona ikaingia. Mnakumbuka ya kwamba mwezi wa Machi mwaka huo watu waliombwa wasishikane shikane na noti, na ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 ikaondolewa kwa muda. Akina mama wakaona ni vyema pesa zikae kwenye simu ya mweka hazina. Sanduku likawa la kuwekea vikombe vya chai.

Mweka hazina alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mwaminifu sana. Hatusemi hivyo kwa heshima tu. Tumemjua kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Alipoenda kutoa pesa alimpa kijana wa kibandani simu yake na kumtajia namba ya siri kwa sauti, watu wakiwa kwenye foleni. Jumbe zilipoingia alisomewa na mjukuu wake wa kidato cha tatu, aliyekuwa akilala kwake. Alipolazwa hospitalini, katibu aliambiwa namba ili alipe bili ya jeneza la mwanachama. Na kwa vile nyumbani hakukuwa na stima, simu ililala kwenye kibanda cha kuchajia mara mbili kwa wiki, ikiwa na kikaratasi chini ya kifuniko cha betri. Kwenye kikaratasi mliandikwa tarakimu nne, ambazo ni mwaka aliozaliwa kifungua mimba wake.

Asubuhi moja shilingi 41,300 hazikuwepo. Zilikuwa zimetumwa usiku kwa mara mbili, kwa jina ambalo hakuna aliyelijua. Na si hizo tu. Aliyezichukua alikuwa amechukua na Fuliza juu yake, kwa hiyo mama aliamka hana pesa za kikundi na ana deni. (Wengi hawalijui jambo hili. Tangu Fuliza ilipoanza mwaka 2019, mtu mwenye simu yako na namba yako anaweza kuchukua hata kile usichokuwa nacho. Kusema "mimi simu yangu haina kitu" hakukukingi tena.)

Tuliitwa kusuluhisha. Wakati huo wanachama walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba mwizi ni yule mjukuu, kwa sababu alikuwa kijana, na alionekana na viatu vipya. Viatu vilikuwa vimenunuliwa na mjomba wake aliye Mbita. Tulimpigia mjomba, akathibitisha. Haikusaidia. Tukachukua karatasi, tukaanza kuandika majina ya wote waliojua ile namba au walioweza kuiona. Mama mwenyewe. Mjukuu. Katibu. Kijana wa M-Pesa. Mwenye kibanda cha kuchajia. Ndugu ya mwenye kibanda, ambaye hushika zamu. Mwanachama mmoja aliyesimama nyuma ya mama kwenye foleni na kusema mwenyewe kwamba aliisikia. Tukafika watu saba, tena hatukuhesabu wale wote waliojua mwaka aliozaliwa kifungua mimba, yaani kijiji kizima.

Kila mmoja wao aliapa. Inawezekana sita kati yao walikuwa wakisema kweli, na inawezekana ni wote saba. Hatukuwa na njia ya kumsafisha hata mmoja. Laiti namba ingekuwa na mtu mmoja tu, lile jambo lingekuwa na njia moja, nasi tungeifuata. Kijana alikwenda Mbita kwa mjomba, akapoteza muhula mzima wa shule. Kikundi kiligawanyika mara mbili. Nyanya yake, yeye humwita Dani kama wajukuu wa huku, alituambia neno moja ambalo hatujalisahau: kwamba pesa zinaweza kurudi kwa omena za mwezi mmoja, lakini yule mtoto hatarudi kulala kwake.

Ndiyo sababu tunawaambia wenzetu waache kusema "namba ya siri ni ya kuficha watu wabaya". Kijana wa kibandani hakuwa mtu mbaya, wala katibu. Mnapompa mtu mwema namba yenu, mmempa mzigo. Siku pesa zikipotea, hana mahali pa kusimama.

Kosa letu sisi

Wala tusijifanye. Ofisini mwetu tulipata kompyuta moja ya msaada, tukawa watu wanne tunaoitumia. Neno lake la siri lilikuwa jina ambalo mtu yeyote angekisia akisoma ubao wa pale nje, pamoja na mwaka. Na ili tusilisahau tuliliandika kwenye karatasi tukalibandika ukutani kando ya kalenda. Mgeni akikaa kungoja, alikuwa na saa nzima ya kulisoma.

Hakuna shilingi iliyopotea. Lakini humo mlikuwa na majina ya familia tunazozitembelea, na maelezo ya nani anatumia dawa gani, na tangu lini. Siku moja mama mmoja alitukanwa sokoni kwa ugonjwa wake, kwa maneno karibu yale yale tuliyoandika sisi. Tuliulizana ofisini wote wanne, kila mtu akakana, na kila mtu akamtazama mwenzake kwa jicho jingine. Tulimwendea yule mama nyumbani mara tatu kabla hajatufungulia mlango. Katika diploma yetu tulifundishwa kutunza siri ya mteja, tukadhani maana yake ni kufunga kabati la mafaili. Siku hizi iko pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na habari za afya ya mtu zimewekwa humo katika zile zinazohitaji ulinzi zaidi. Daftari lenu la kikundi lenye majina na namba za vitambulisho nalo si la kuachwa mezani.

Sasa kila mmoja ofisini ana neno lake, na kompyuta inajua ni nani ameingia.

Kuchagua tarakimu nne

Kutoka 0000 hadi 9999 kuna namba 10,000. Mwizi akikosea mara tatu, M-Pesa hujifunga. Hiyo ni kinga kubwa, kwa maana ana nafasi tatu tu kati ya 10,000. Lakini ukitumia mwaka wa kuzaliwa, wako au wa mtoto, unampunguzia kazi. Kutoka 1950 hadi 2010 kuna miaka 61 tu, na mtu anayewajua watoto wako hahitaji hata hiyo 61. Zile nafasi tatu zinamtosha. 1234 ndiyo ya kwanza anayojaribu mwizi popote duniani. Tarakimu za mwisho za kitambulisho? Mkienda mjini Kisumu, kila geti lina daftari, na kila daftari lina namba ya kitambulisho chako kwa mwandiko wako mwenyewe.

Njia tunayoipenda sisi ni ya sufuria. Andika 0 hadi 9 kwenye vikaratasi kumi, kunja, tia ndani ya sufuria, tikisa. Toa kimoja, kisome, kirudishe, tikisa tena. Fanya hivyo mara nne. Namba utakayoipata haihusiani na mtu yeyote aliyezaliwa wala aliyekufa. Ukipata kitu kama 1111 au 1234, rudia. Halafu ingia kwenye M-Pesa, sehemu ya akaunti yangu, ubadilishe, na siku hiyo angalia salio mara kadhaa ili kichwa na kidole vizoee. Usitumie namba hiyo hiyo kwa kadi ya benki.

Na wale wasioona vizuri au wasiojua kusoma? Hili liliulizwa kule Kendu Bay na tunafurahi kulijibu, kwa sababu wengi hudhani hao hawana budi kutaja namba. Papasa kabambe yako: kibonyezo cha 5, kile cha katikati, kina kinundu kidogo. Ukikijua hicho unajua vyote, maana 2 iko juu yake, 8 iko chini, 4 kushoto, 6 kulia. Tulikaa na mama mmoja asiyejua kusoma, tukafanya mazoezi kwa nusu saa hivi simu ikiwa imezimwa, mpaka kidole kikaijua njia. Sasa anaingiza namba yake simu ikiwa chini ya leso. Kijana wa kibandani atamsaidia kuingiza namba ya wakala na kiasi cha pesa. Tarakimu nne ni zake mwenyewe. Wakala hahitaji namba yako kwa shughuli yoyote ile, na wakala mzuri atageuza uso pembeni unapoiingiza.

Hapa tuseme kidogo juu ya neno PIN, maana limetuletea kichekesho na majonzi. Mzee mmoja wa chama cha ushirika aliambiwa alete PIN yake ili alipwe. Akakataa kabisa kuleta PIN ya KRA, akisema ni siri, lakini akamwandikia karani ile ya M-Pesa. Jamani! PIN ya KRA ni ile ndefu, yenye herufi mwanzoni, tarakimu tisa, na herufi mwishoni. Hiyo ni kama jina lako mbele ya serikali na utaulizwa sehemu nyingi. Ya M-Pesa haiulizwi na mtu yeyote.

Mambo ya saiba

Vijana, sasa tuko kwenu. Nyinyi ndio mnaotumwa saiba na wazazi: ritani za KRA kabla ya tarehe 30 Juni, eCitizen kwa cheti cha kuzaliwa au cha mwenendo mwema, mkopo wa HELB, na tangu Oktoba 2024 mambo ya SHA. Mnajua jinsi inavyokuwa. Mhudumu anauliza, "Una imeli?" Ukisema huna, anakufungulia moja kwa dakika mbili, anaweka neno la siri analowawekea wateja wake wote, anamaliza kazi, unalipa, unaenda. Hukuandika imeli yenyewe wala neno lake.

Mwaka unaofuata unarudi na yule mhudumu amehamia Nairobi. Sasa huwezi kuingia eCitizen, na ukisema umesahau neno la siri, barua ya kukusaidia inatumwa kwa ile imeli ambayo si yako. Imeli ndiyo ufunguo wa funguo zote. Anayeishika anaweza kufungua na hizo nyingine moja baada ya nyingine. Kwa hiyo tunasema hivi: mwache mhudumu akusaidie, lakini kwenye kisanduku cha neno la siri mwambie asogee, uandike mwenyewe, hata kwa kidole kimoja, hata kama foleni inanung'unika. Kompyuta ikiuliza kama ihifadhi neno lako, kataa. Ukimaliza, toka kwenye akaunti kabisa. Kufunga dirisha tu hakutoshi, anayekaa kiti hicho baada yako atakuta mlango wazi.

Neno la siri la imeli liwe refu. Zamani tuliambiwa tuchanganye herufi kubwa, alama na tarakimu, na tubadilishe kila mara. Ushauri huo ulienea kutoka Marekani, kwenye taasisi yao ya viwango iitwayo NIST, mwaka 2003. Mwaka 2017 taasisi hiyo hiyo iliugeuza, na Bill Burr aliyeuandika alisema hadharani kwamba anaujutia. Watu walikuwa wanaandika Otieno1!, baada ya miezi mitatu Otieno2!, na wezi walikwisha kujua mchezo huo. Sasa wanasema urefu ndio nguvu, na usibadilishe mpaka uwe na sababu, kwa mfano ukihisi kuna mtu amelijua. Chukua maneno manne yasiyohusiana, kama ngege, kioo, jembe, mvua, uyaunganishe. Ni herufi 18, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuyakumbuka. Bila shaka msitumie hayo, maana nimewatajia watu wote humu. Samahani, tumewataja pamoja. Wala msichukue maneno ya wimbo ambao kila mtu anauimba.

Na lisitumike mahali pawili. Wengi wetu wenye umri huu imeli yetu ya kwanza ilikuwa ya Yahoo, tuliyofungua saibani mjini kwa kulipa kwa dakika. Mwaka 2013 Yahoo iliibiwa, na ilipofika 2017 wenyewe walikiri kwamba akaunti zote bilioni 3 ziliguswa. Mimi na wewe hatukufanya kosa lolote siku hiyo. Lakini yule aliyetumia neno moja kwa Yahoo, kwa Facebook na kwa benki, mwizi wa mbali aliweza kujaribu ufunguo huo kwenye kila mlango wake. Mambo haya ni ya tangu mwanzo, kwa kweli. Kompyuta ya kwanza kupewa maneno ya siri ilikuwa ya chuo cha MIT huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, alipata njia ya kuchapisha orodha nzima ya maneno ya wenzake. Hakutaka pesa. Alitaka saa zaidi za kutumia mashine.

Mtasema, maneno marefu mengi hivyo tutayakumbukaje? Yaandikeni. Ndiyo, tumesema yaandikeni, kwenye daftari dogo linalokaa nyumbani pamoja na hati ya shamba. Mwizi wa mtandaoni hafiki kwenye kabati lako. Ila namba ya M-Pesa isiandikwe, na kitu chochote kisiwekwe chini ya kifuniko cha simu.

Wanaopiga simu

Hawa mnawajua, hatutakaa sana. Anasema pesa zimeingia kwako kwa makosa, au laini yako itafungwa, au umeshinda. Yule wa Safaricom wa kweli hupiga kwa 0722 000 000, naye hataomba namba ya siri. Ujumbe wa ulaghai upeleke kwa 333. Ukiambiwa umetumiwa pesa, angalia salio kwanza kabla ya kurudisha chochote. Na zile tarakimu zinazoletwa kwa ujumbe unapoingia kwenye akaunti fulani, hizo nazo ni ufunguo, ijapokuwa ni za dakika chache. Anayekuomba umsomee anataka uingie wewe mlangoni halafu akae yeye.

Lipo na jambo la kubadilishiwa laini. Mwizi mwenye jina lako na namba ya kitambulisho humfanya mtu wa huduma aamini kwamba yeye ni wewe aliyepoteza simu, na laini yako inahamia kwake. Dalili ni mtandao kukata ghafla ilhali jirani yako anao. Usingoje kesho, azima simu upige huduma kwa wateja. Wa Safaricom wanaweza kubonyeza *100*100# ili laini isibadilishwe mpaka mwenyewe ufike dukani.

Simu ndani ya sanduku

Turudi kwenye vikundi. Pesa nyingi zinafaa zikae benki, kwenye akaunti ya kikundi ambayo haitoi bila sahihi za watatu. Tangu Agosti 2023 laini moja yaweza kubeba hadi shilingi 500,000, na tumeona vikundi vikijaribiwa kuzijaza. Kumbukeni laini imesajiliwa kwa jina la mtu mmoja. Mbele ya sheria pesa hizo zinaonekana ni zake, na akifariki familia yake itazikuta katika mali yake; hapo mtaanza kubishana na wafiwa juu ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka.

Kwa zile kidogo za kupokelea michango, kikundi kimoja upande wa Asembo kilituonyesha njia ambayo hatukuwa tumeifikiria. Walinunua kabambe ya kikundi na laini yake. Simu inalala ndani ya sanduku lile lile la kufuli tatu. Namba ya siri iko kwa mweka hazina peke yake. Mwenye sanduku hana funguo, wenye funguo hawana namba, mwenye namba hana simu. Siku ya mkutano inatolewa, inawashwa, katibu anasoma jumbe zote kwa sauti tangu mkutano uliopita, na salio linaandikwa kwenye daftari. Viongozi wakibadilishwa, namba inabadilishwa siku hiyo hiyo, mbele ya wote, mweka hazina mpya akiwa amegeukia ukuta.

Tulipofika hapo maswali yalikuwa mengi. Tutaje mawili.

Mama mmoja aliuliza afanye nini mume wake akitaka kujua namba. Wanaume walicheka, yeye hakucheka. Tulimjibu hivi: namba ya kikundi si ya nyumba yenu, na mume hana haki nayo zaidi ya jirani. Ile ya simu yako mwenyewe mnaweza kukubaliana, wengine hukubaliana na wanaishi vizuri. Lakini namba inayotolewa kwa kuogopa kipigo ni jambo jingine, nalo usilibebe peke yako. Njoo utuone, au mwone mama mlezi wa kikundi chako. Alikuja baada ya mkutano.

Na mzee yule wa asubuhi, aliyesema hawana kompyuta, aliuliza: kama namba iko kwa mtu mmoja, na mtu huyo apatwe na ajali kwenye barabara ya Busia, je? Swali zuri. Kwanza, mkiwa na kidogo tu kwenye laini hamtaumia sana. Pili, mweka hazina aandike namba kwenye karatasi, aitie ndani ya bahasha, aifunge kwa gundi, na wanachama watatu watie sahihi juu ya ule mstari wa kufungia. Bahasha hiyo isikae ndani ya sanduku pamoja na simu, kwa maana mtakuwa mmeviweka pamoja tena. Ikae kwa mwenyekiti, na kila mkutano ainyanyue juu watu waone sahihi hazijakatwa. Namba ikibadilishwa, ya zamani inachomwa na nyingine inaandikwa.

Mzee aliuliza kama bahasha ya kawaida inafaa, maana mwanga wa jua hupenya. Alikuwa na haki. Kunjeni karatasi mara tatu ndani ya karatasi nyeusi ya majani ya chai. Tumeleta bahasha kadhaa za kaki, ziko pale mezani karibu na mlango. Kila kikundi kichukue moja.